BSA ikija Kanda ya Ziwa, spea zitangulie

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo kuhusu BSA, pikipiki ya Kiingereza iliyozimika mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo sasa imewashwa tena na Wahindi. Sisi tunaoandika ni wapenzi na mafundi wa pikipiki za zamani hapa Mwanza. Tumefurahi kuiona nembo ile ya bunduki tatu ikirudi kwenye tanki, na tunatamani siku moja tuione ikipanda mlima wa Bugando au ikivuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema. Lakini huku kwetu pikipiki nzuri nyingi zimekufa kwa kukosa kitu kidogo cha kubadilisha. Kwa hiyo tunamwomba yeyote atakayeileta BSA Tanzania aanze na spea, ndipo alete pikipiki.

Kwa vijana wasioifahamu, BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji wa Birmingham. Pikipiki yake ya kwanza ilitoka 1910. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kiwanda chake cha Small Heath, Birmingham, kilitoa zaidi ya pikipiki 120,000 za aina ya M20, cc 496, silinda moja, valvu za ubavuni, nguvu farasi 13 tu. Haikuwa na mbio, ila ilivuta mzigo kwenye mchanga na matope bila kulalamika, na ndiyo sababu jeshi liliipenda. Mwaka 1948 ikaja Bantam, cc 123, stroku mbili, gia tatu. Michoro yake ilitoka kwa DKW RT125 ya Ujerumani, ikachukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia ya vita. Michoro hiyohiyo ndiyo Wajapani waliyoifuata walipotengeneza Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955. Bantam ilikuwa pikipiki ya watu wa kawaida: Shirika la Posta la Uingereza liliwapa vijana wake wa telegramu, wakulima na mafundi wakaenda nayo kazini, na iliendelea kutengenezwa hadi 1971.

Ilikufaje kampuni kubwa namna hiyo? Wengi husema Honda iliiua, na ni kweli kwamba Honda CB750 ya 1969, yenye silinda nne, selfu na breki ya diski mbele, iliwaacha Waingereza midomo wazi. Lakini BSA ilijiumiza yenyewe pia. Fremu mpya ya 1971, iliyobeba oili ndani ya bomba lake, ilichelewa kwenye michoro, ikaingia sokoni msimu wa mauzo umeshapita, na kiti chake kilikuwa juu mno kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kufikia 1973 mabaki ya kampuni yalikuwa yameingizwa ndani ya Norton Villiers Triumph, muungano wa kampuni za pikipiki za Kiingereza. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu kosa la msingi, yaani kutengeneza pikipiki bila kumuuliza atakayeiendesha, linaweza kurudiwa na wamiliki wapya.

Wamiliki hao ni Classic Legends, kampuni iliyo chini ya Mahindra, walioinunua BSA mwaka 2016. Desemba 2021 walionyesha Gold Star mpya huko Birmingham, na mwaka 2024 ikaanza kuuzwa India. Jina la Gold Star lina heshima yake. Juni 1937 mwanamashindano Wal Handley aliizungusha BSA kwenye uwanja wa Brooklands kwa mwendo uliopita maili 100 kwa saa, akapewa beji ya nyota ya dhahabu, na kiwanda kikaichukua beji hiyo kuwa jina la pikipiki. Hii mpya ina silinda moja ya cc 652, valvu nne, inapozwa kwa maji, ina gia tano na nguvu farasi 45. Ikiwa na mafuta inafika kilo 213, uzito unaokaribia Boxer mbili.

Tuseme wazi: Gold Star ni pikipiki nzuri, na tungependa kuiona Mwanza, lakini haitalifufua jina la BSA hapa. Itakuwa ya watu wachache wenye uwezo, itatoka Jumapili jioni kwenda Capri Point, basi. Kuna mambo yake mawili tu ya kuzingatia huku. Rimu zake ni za spoki na tairi zake zina tyubu, na hilo ni jema, maana fundi pancha yeyote wa Buhongwa au Igoma ataziba. Tatizo ni saizi: mbele ni 100/90-18 na nyuma ni 150/70-17, na hiyo ya nyuma huikuti kwenye duka la spea za bodaboda. Mwenye kuileta alete na tairi. La pili ni rejeta. Mtu asijaze maji ya ziwani wala ya bomba. Maji ya aina hiyo huacha ukoko ndani ya njia nyembamba za rejeta na kuila aluminiamu ya silinda hedi, na dalili huja baada ya miezi, wakati gasketi imeshaungua. Ni maji yaliyochujwa ya betri, yasiyo na asidi, nusu kwa nusu na kulanti, na kulanti yenyewe ibadilishwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu hata kama bado inaonekana safi.

Matumaini yetu makubwa yako kwa Bantam. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza Bantam 350, yenye injini ya cc 334 inayopozwa kwa maji, ileile inayotumika kwenye pikipiki zao nyingine ziitwazo Jawa. Tunaheshimu kazi hiyo. Hata hivyo, Bantam ya kweli ilikuwa nyepesi, rahisi, inayofunguliwa kwa spana chache chini ya mti. Jina lile likiwekwa kwenye mashine yenye rejeta, nozeli na sensa, mvuvi wa Ukerewe au mkulima wa Misungwi amefungiwa nje. Tungependa kampuni itoe pia Bantam ndogo, kati ya cc 125 na 175, stroku nne, inayopozwa kwa upepo. Wenye kampuni wakitaka kujua iweje, sisi tungeitaka hivi.

Cheni iwe namba 428, ambayo inauzwa kila kona ya jiji. Tairi ziwe za inchi 17 au 18, nyembamba, za tyubu. Kiki ibaki hata kama kuna selfu, kwa sababu betri hufa mapema kwenye pikipiki inayowashwa na kuzimwa kutwa nzima, na ikifa ukiwa kisiwani huna wa kukusukuma. Eya klina ikae juu chini ya kiti, mdomo wake ukitazama nyuma, maana barabara ya vumbi ya kiangazi hujaza chujio kwa siku chache, na chujio likijaa injini inavuta petroli nyingi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi, mafuta yanaisha haraka na mwendeshaji anailaumu kabureta. Na chujio liwe la sponji linaloweza kufuliwa kwa sabuni na maji, likakauka, likapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi litapulizwa kwa kompresa hadi litoboke, na likitoboka mchanga unaingia moja kwa moja kwenye ringi. Kama itatumia nozeli badala ya kabureta, basi chujio la petroli liwe nje ya tanki, mahali mkono unapofika. Vijijini petroli inauzwa kwenye chupa, na chupa huwa na maji na takataka. Pampu iliyo ndani ya tanki ikila mchanga, bei ya pampu moja inaweza kumaliza hesabu ya wiki kadhaa za dereva wa bodaboda.

Hapa ndipo tunapoona mlango uliofunguka. Majina matatu makubwa ya Kiingereza sasa yana mkono wa Wahindi ambao tayari tunafanya nao biashara kila siku. Mahindra ana BSA. TVS, ambaye pikipiki zake zimejaa vijiweni, aliinunua Norton mwaka 2020. Bajaj, mwenye Boxer na bajaji za magurudumu matatu, ndiye anayetengeneza Triumph za cc 400 kwa ushirikiano na Waingereza. Kwa hiyo njia ya spea kutoka India hadi Mwanza ipo na inafanya kazi: kontena hadi Dar es Salaam, basi au lori usiku mmoja, na asubuhi kebo ya klachi iko mjini. Mwenye BSA hana haja ya kuvumbua njia nyingine. Anahitaji mwenye duka mmoja mwaminifu hapa Mwanza, atakayeweka akiba na kuandika namba ya kila spea ili mtu wa Geita, Bunda au Bukoba aweze kuagiza kwa simu bila kubahatisha.

Triumph wenyewe ni mfano wa jinsi jina linavyofufuka likashika. John Bloor alilinunua mwaka 1983, wala hakukimbilia kubandika nembo kwenye mashine ya mtu mwingine. Alijenga kiwanda kipya Hinckley, na pikipiki zake mpya hazikuonekana hadharani hadi 1990. Muda wote huo alikuwa akitengeneza injini ambazo aina tofauti za pikipiki zingeweza kutumia sehemu zilezile. Mfumo huo ndio unaotufaa sisi: pistoni moja, klachi moja, kebo moja, zinazoingia kwenye pikipiki tatu au nne, ili mwenye duka asiogope kununua akiba.

Mhariri, tusiwasahau wenye BSA za zamani. Zipo zilizolala kwenye maghala na nyuma ya nyumba za wazee, nyingine zimefunikwa na magunia ya pamba. Ng'ombe hazeeki maini, na injini nyingi kati ya hizo zinaweza kuwaka tena. Zinazoharibika kabisa mara nyingi huharibiwa na mkono wa fundi mwenye nia njema. Tunaomba waliozinazo wasome aya zinazofuata kabla ya kushika spana.

Uharibifu wa kwanza huanzia kwenye nati. BSA za zamani hazikufungwa kwa milimita. Zina uzi wa Kiingereza, na spana zake huitwa kwa kipimo cha bolti, siyo upana wa kichwa cha nati. Spana iliyoandikwa 1/4 W (W ni Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza) ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3 hivi. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inaingia kwa kulegea, inateleza, na pembe za nati zinakuwa duara. Ya 5/16 W ni milimita 15.2, na hapo napo hakuna ya milimita inayokaa sawasawa. Ya 3/8 W tu ndiyo inayokubaliana na 18. Kibaya zaidi ni kurudishia bolti. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, kwa hiyo bolti ya milimita 8 inaonekana kama mwenzake. Lakini ile ya pikipiki ina nyuzi 26 kwa inchi, na ya milimita 8 ya kawaida ina kama 20. Ukiilazimisha kwa spana ndefu, mizunguko miwili ya kwanza inakwenda, wa tatu unakuwa mzito, na kwenye wa nne uzi wa ndani ya aluminiamu unatoka kama nyuzi za mkonge. Bolti ikigoma kuingia kwa vidole, hiyo siyo yake. Mkereza vyuma mzuri wa Nyakato anaweza kukukatia nyingine ukimpa sampuli nzima.

Pili ni oili ya M20. Oili yake hukaa kwenye tanki la pembeni na kuzungushwa na pampu. Pikipiki ikisimama wiki kadhaa, oili hupenya taratibu kwenye pampu iliyochakaa na kujaa chini ya injini. Mtu anatazama tanki, anaona tupu, anaongeza, anapiga kiki. Injini inakuwa nzito, inatoa moshi kama tanuru la mkaa, na oili inatokea kila pahali. Kabla ya kuwasha iliyolala, fungua bolti ya chini ya injini, kinga oili yote kwenye beseni, ione kama ina matope au unga wa chuma. Kama ni safi, ichuje uirudishe kwenye tanki. Ukiwasha, fungua mfuniko wa tanki utazame oili inavyorudi. Isiporudi ndani ya dakika moja, zima mara moja.

Tatu ni moto wa plagi. Magneto ya Lucas, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa plagi kwenye pikipiki hizi, ina ugonjwa mmoja unaosumbua sana kwenye joto letu. Asubuhi inawaka kwa kiki moja au mbili, inakwenda kilometa kadhaa, kisha inakohoa na kuzima. Ukiiacha ipoe nusu saa inawaka tena. Mafundi wengi hufungua kabureta, wanasafisha jeti, wanarudishia, na kwa kuwa injini imepoa wakati huo wote, inawaka, wanaamini wameponya. Kumbe kondensa iliyo ndani ya magneto imechoka, au waya wa koili umeachia kinga yake kwa joto. Dawa ni kukunja koili upya na kuweka kondensa mpya, basi. Pengo la pointi liwe inchi 0.012, karibu milimita 0.3, lipimwe kwa fila geji. Kipande cha boksi la kiberiti hakipimi kitu. Na kabla ya kufunga betri, angalia ncha ipi imeungwa na bodi, kwa kuwa pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 zimeunga chanya, kinyume na tulivyozoea.

Kwa Bantam ya stroku mbili, jambo kubwa ni oili sili za krankshafti. Zikikaa miaka bila kuguswa hukauka na kupasuka. Ya upande wa magneto ikipasuka, injini inavuta hewa ya ziada, inazunguka kwa kasi yenyewe ukiachia mafuta, pistoni inapata joto na injini inanoki. Ya upande wa klachi ikipasuka, inanyonya oili ya praimari, yaani ya cheni inayounganisha injini na klachi, na kutoa moshi mweupe usiokwisha. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa sehemu 20 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 50 kwa kila lita. Kwa oili nzuri ya kisasa ya stroku mbili wengi hushuka hadi 32 kwa moja, mililita 31 hivi kwa lita, lakini tu kama injini imefunguliwa na ringi zake zinajulikana ni nzima. Oili ya gari haifai. Inaacha masizi kwenye mlango wa ekzosi hadi pikipiki inashindwa kupanda mlima.

Vingi vya hivi vinatengenezeka hapahapa. Bushi za shaba nyeusi, gasketi za karatasi, kebo, spoki, hata gaidi za valvu, wakereza wetu wanaziweza. Pistoni na beringi za konrodi tunashauri ziagizwe. Pistoni iliyomiminwa kwa aluminiamu ya masufuria hutanuka kuliko inavyotakiwa na kukwama ndani ya silinda ikiwa kwenye mwendo, na gurudumu la nyuma likigandamana ghafla kwenye mteremko wa Nyegezi, hapo tunazungumzia uhai wa mtu. Silinda ikipanuliwa, inunuliwe kwanza pistoni ya saizi iliyozidi, inchi 0.020 au 0.040, ndipo fundi apanue kwa kuipima hiyo aliyonayo mkononi.

Na jambo la kadi ya usajili. BSA za miaka hiyo kwa kawaida zilitoka kiwandani namba ya injini ikiwa tofauti na ya fremu. M20 za vita hubeba herufi WM20 pande zote mbili, lakini tarakimu haziendani. Mwenye kukagua akiona hivyo anaweza kudhani ni pikipiki ya kuungaunga au ya wizi. Tunaziomba mamlaka za usajili zilijue hilo, na wenye pikipiki wasikubali mtu yeyote kusaga namba ili azilinganishe. Ukisaga namba halali umejitengenezea kosa la jinai, na thamani ya pikipiki imekwenda.

Turudi kwa wamiliki wapya. Kama siku moja wataifikiria Tanzania, tunaomba kabla ya pikipiki ya kwanza kuuzwa Mwanza, dukani pawe tayari na kebo za klachi, mafuta na spidomita, breki shuu na padi, cheni na sproketi zake, plagi, chujio za oili na hewa, gasketi seti nzima, ringi na pistoni za saizi ya kawaida na iliyozidi, sahani za klachi, taa za mbele, indiketa na vioo, kwa sababu hivi vya mwisho ndivyo huvunjika pikipiki inapoanguka ikiwa imesimama. Kitabu cha fundi kiandikwe kwa Kiswahili, chenye vipimo vya milimita na nguvu ya kukaza kila bolti, na nakala zipelekwe vyuo vya ufundi vya VETA na shirika la viwanda vidogo, SIDO, ili vijana wafundishwe kabla wateja hawajaanza kupanga foleni. Na kwa heshima ya waliowatangulia, waendelee kutengeneza pistoni, ringi na oili sili za Bantam na M20 za zamani, wazipitishe kwenye duka hilohilo. Sisi tutakuwa wateja wao wa kwanza.

Wapenzi na mafundi wa pikipiki za zamani,
Mwanza.